Mdogo wangu ametoka jela mara ya tatu. Nimpokee au nimfungie mlango?

"Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 28. Ametoka jela juzi, na hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 19, alikwapua simu. Ya pili ilikuwa betri za magari, yeye na wenzake. Hii ya mwisho ni pampu ya maji ya jirani yetu kabisa, mzee aliyemnunulia sare za shule alipokuwa darasa la sita. Kila akitoka analia mbele ya mama na kuapa kwamba sasa basi. Haipiti miezi mitatu. Kabla ya kufungwa aliondoka na mtungi wangu wa gesi, nikarudi kazini nikakuta jiko limebaki na mpira tu. Mama anasema ana jini la wizi kama marehemu mjomba wetu, ameshamhangaikia kwa masheikh na kwa waganga. Mume wangu hataki hata kumwona getini. Baba mdogo anasema tumuozeshe, atatulia. Sasa hivi yuko kwa mama Tandika, na ananiomba aje kukaa kwangu Chanika aanze upya. Nina watoto wawili wadogo. Mtu kama huyu anafurahia kuiba au hawezi kujizuia? Wizi uko kwenye damu? Nimpokee au nimfungie mlango? Usiku naamka nawaza nitapigiwa simu kwamba amechomwa moto."

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikairudia jioni, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye mpira wa gesi. Anayeibiwa na mtu wa nje anaumia, ananunua kingine, yanaisha. Anayeibiwa na mdogo wake anaanza kuhesabu vijiko ndani ya nyumba yake mwenyewe, halafu anajiona mbaya kwa kuvihesabu. Nimekaa na wafungwa na jamaa zao zaidi ya miaka 20, kwanza nikiwa ofisa ustawi wa jamii na sasa mshauri nasaha, na dada wa aina yako nimekutana nao wengi. Una haki ya kumkasirikia na una haki ya kumhurumia, hata vyote viwili kwa siku moja.

Ninavyokuelewa, unaogopa kwamba ukimfungia mlango utakuwa umemuua, na ukimfungulia utakuwa umewatoa wanao kafara. Kati ya kumfungulia na kumfungia kuna nafasi kubwa, na huko ndiko ninakotaka tufike. Lakini kwanza tuondoe mambo mawili matatu yanayowachanganya pale nyumbani.

Tuanze na damu. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, aliandika kwamba wapo watu wanaozaliwa wahalifu, na unaweza kuwatambua kwa taya, kwa masikio, kwa umbo la fuvu. Watu wengi waliamini. Mwaka 1913 daktari wa magereza ya Uingereza, Charles Goring, akatoa matokeo ya kupima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu na askari, na ile sura ya mhalifu haikuonekana. Mama anaposema jini la marehemu mjomba, kwa maneno mengine anasema jambo lilelile: kitu kimemwingia na hakuna la kufanya.

Sikatai kwamba zipo familia ambazo wizi unajirudia. London ya kusini watafiti waliwafuatilia wavulana 411 kuanzia mwaka 1961, tangu wakiwa na miaka 8 hivi hadi wamekuwa watu wazima, wakakuta kwamba familia chache mno, kama 6 katika kila 100, ndizo zilizobeba nusu ya hukumu zote. Ila kinachopita kwenye ukoo ni vitu kama pupa, hasira za karibu, kupenda msisimko, kushindwa kungoja. Mtoto huyohuyo mwenye pupa anaweza kuwa dereva hodari wa bodaboda au mvuvi asiyeogopa bahari, kutegemea amekulia mikononi mwa nani na kijiwe gani kilimpokea. Na wewe, dada, umetoka tumbo hilohilo. Mjomba alikuwa wenu wote.

Upo pia ugonjwa wa akili wa kuiba vitu ambavyo mtu hana shida navyo, vijiko, kalamu, nguo asizovaa, halafu anavificha au anavitupa. Ni ugonjwa adimu. Mdogo wako hafanani nao hata kidogo. Angalia orodha yake: simu, betri, mtungi, pampu. Kila kimoja kina mnunuzi ndani ya saa moja. Nitarudi hapo, maana pananipa wasiwasi.

Sasa je, ndiye yule tunayemwita mwizi sugu? Huko Philadelphia, Marekani, Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia kumbukumbu za polisi za wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945. Wengi hawakuwahi kuandikwa kokote. Wengine waliteleza mara moja mbili wakaacha. Lakini wavulana 627, kama 6 katika 100, walikuwa na makosa 5 au zaidi kila mmoja, na peke yao walifanya zaidi ya nusu ya makosa yote. Kwa hiyo wezi wa kurudia wapo kweli, ni wachache, na ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kilio cha mtaa. Mdogo wako kwa sasa yuko upande huo, sitakuficha.

Hao wachache nao hawafanani. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt, aliyefanya kazi na watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, mwaka 1993 alieleza njia mbili. Kuna wanaoanza vurugu wakiwa wadogo kabisa, wanapiga wenzao chekechea, wanatoroka nyumbani wakiwa na miaka 8, na wanaendelea ukubwani. Na kuna wanaoingia katika ujana kwa kufuata wenzao, ambao wengi wao huacha wakishapata maisha, isipokuwa pale kitu kinapowanasa: kifungo, dawa za kulevya, shule iliyokatika. Kaa na mama umuulize alikuwaje alipokuwa na miaka 7. Aliwatesa paka? Alipigana kila siku? Au alikuwa mtoto wa kawaida aliyebadilika alipoanza kushinda maskani? Kama ni huyu wa pili, na sare za darasa la sita zinanifanya nidhani alikuwa na majirani wanaompenda, basi tunatafuta kilichomnasa.

Umri nao uko upande wenu. Makosa hupanda mtu akiwa na miaka kumi na kitu, kisha hushuka. Sheldon na Eleanor Glueck waliwachunguza vijana 500 watundu wa Boston waliokuwa wamefungwa katika shule za kurekebisha tabia; miaka mingi baadaye Robert Sampson na John Laub wakawafuatilia hadi umri wa miaka 70. Karibu wote waliacha, hata wale walioonekana hawafai. Walitofautiana tu kwenye muda: mmoja aliacha akiwa na miaka 25, mwingine 50, na katikati hapo ndipo watu huuawa, huugua na huzeekea gerezani. Kwa miaka 28 aliyonayo, tunachopigania ni aache mapema.

Unauliza kama anafurahia. Nikipata mtu wa namna hii ofisini, kwa nini aliiba simuulizi, kwa sababu jibu analo tayari na halina maana: shetani, shida, wenzangu. Namwomba anisimulie siku yenyewe, saa kwa saa, tangu alipofumbua macho. Nitakupa mfano wa kijana mmoja, nimebadilisha mambo ili asijulikane. Aliiba redio ya gari saa mbili na nusu usiku. Lakini siku yake ilianza saa nne asubuhi alipoamka akakuta mvua, na pale anapooshea magari mvua ikinyesha hakuna kazi. Nyumbani hakuna aliyemwuliza chai. Akaenda kijiweni. Mwenzake akamgawia kidogo alichokuwa nacho. Saa nane akaweka elfu tano kwenye mkeka wa kubeti, ikaliwa. Saa kumi na mbili miayo ikaanza, makamasi, magoti yakawa yanauma, arosto inaingia, yale mateso ya mwili uliokosa dawa za kulevya. Akakopa kwa watu wawili, wote wakamfukuza. Ndipo akapita kwenye gari ambalo kioo kimeshushwa kidogo. Aliniambia, "Mimi sikuamka kwenda kuiba." Na alisema kweli. Kuiba kwenyewe kulichukua nusu dakika. Kilichompeleka huko kilichukua zaidi ya saa kumi.

Hilo si la kwetu peke yetu. Mjini St. Louis, Marekani, Richard Wright na Scott Decker waliongea na wavunja nyumba 105 waliokuwa bado wako kazini, na kitu kilichojirudia kwenye simulizi zao ni uhitaji wa pesa ya haraka, hasa ya kuendeleza starehe, dawa, pombe na kamari, kwa watu ambao usiku huo hawakuona njia nyingine. Pesa ile ilikwisha upesi, wakarudi palepale.

Furaha huwa ipo, hasa mwanzoni. Kuna moyo kwenda mbio, kuna kufanikiwa, kuna kurudi kijiweni ukanunulia watu soda na kwa siku moja ukaitwa bosi, wewe ambaye nyumbani unaitwa mzigo. Mtu akishakosa sifa kila mahali, atazichukua zinapopatikana. Kadiri miaka inavyokwenda, utamu huo hupungua na uchovu huongezeka. Wanaume wa miaka 30 na kitu wananiambia jambo moja: "Nimechoka kukimbia."

Na yapo maneno yanayomrahisishia. Mwaka 1957 Gresham Sykes na David Matza waliyaeleza vizuri: mkosaji mara nyingi anajua kabisa kuiba ni kosa, ila kabla ya kuiba anajipa ruhusa. Yule ana pesa, hatasikia. Angejali angefunga. Hata polisi nao wanakula. Dada ana mume, atanunua mtungi mwingine. Sikiliza anavyozungumza juu ya ile pampu. Akisema "nilimkosea mzee", kuna kazi imeanza. Akisema "mzee mwenyewe alikuwa haitumii", bado.

Sasa yale machozi. Wengi huniuliza kama ni uongo, na nasikitika kwamba si uongo. Anapoapa sebuleni kwa mama yuko salama, ameshiba, hana arosto, hakuna mwenzake mlangoni. Kiapo kinatolewa na mtu aliyetulia, halafu kinatakiwa kutimizwa na mtu mwingine kabisa, yule wa saa mbili na nusu usiku. Ndiyo maana jela pia haijamfundisha. Adhabu inamtisha mtu anayeweza kuifikiria kesho, na mtu aliye kwenye arosto hana kesho. Tena wataalamu wa adhabu, akiwemo Daniel Nagin, wanaonyesha kwamba kinachozuia zaidi ni uhakika wa kukamatwa kuliko urefu wa kifungo, na mdogo wako bila shaka ameiba mara nyingi zaidi ya hizo tatu alizokamatwa. Jela imempa majina mapya ya watu na imemwondolea wachache waliokuwa wanamsaidia kuishi.

Hukuandika neno hata moja kuhusu unga, yaani heroini. Labda hautumii. Lakini vitu anavyochagua, haraka ya kuviuza, na ile miezi mitatu, vinanifanya nikuombe ulitazame hilo leo, usingoje wiki ijayo. Kama alikuwa anatumia heroini kabla ya kufungwa, mwili wake huko ndani umeisahau. Kete, yaani kipimo kimoja cha unga, aliyokuwa anaimudu zamani sasa inaweza kumkata pumzi. Katika jimbo la Washington, Marekani, walifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani, wakakuta kwamba katika wiki 2 za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya watu wengine, na kilichoongoza kuwaua ni kuzidisha dawa. Kwa hiyo kabla ya kuogopa tairi la moto, ogopa choo kilichofungwa kwa ndani na mtu hajibu ukigonga.

Ikiwa ni unga, dua za masheikh ziendelee, sina neno nazo, lakini zisiende peke yake. Tangu Februari 2011 Muhimbili inatoa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, na baadaye Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kwa kawaida mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Arosto inatulia, na akili inapata nafasi ya kufikiria kazi na chakula badala ya kete inayofuata. Nimeona watu waliokuwa wanang'oa mabati wakifika kliniki kila asubuhi na shati limepigwa pasi. Wapo wanaoacha katikati pia. Nyumba za soba, wanakokaa watu wanaoacha dawa, zinawafaa baadhi, lakini kabla ya kulipa, nenda uione kwa macho, uulize kama wanafunga watu minyororo au kuwapiga. Wakifanya hivyo, ondoka naye.

Mumeo ana wasiwasi, na ana sababu. Nisingependa mdogo wako aje kukaa ndani ya nyumba yako kwa sasa. Wanao ni wadogo, ndoa yako inahitaji amani, na siku ya kwanza kitu kitakapopotea, hata kama amekiweka mtoto chini ya kochi, nyumba nzima itamgeukia. Lakini wazo lake la kutoka Tandika lina maana kuliko anavyojua. Kimbunga Katrina kilipoharibu New Orleans na maeneo ya jirani mwaka 2005, wafungwa wengi waliokuwa wanatoka gerezani Louisiana hawakuwa na mtaa wa kurudia. David Kirk akalinganisha: waliokwenda kuishi wilaya nyingine walirudi jela kwa kiasi kidogo kuliko waliorudi walikotoka. Mtaa una njia zake za mguu. Mtu anapita kijiweni hata bila kuamua.

Kwa hiyo fikiria chumba cha kupanga, Chanika au kokote mnakoweza, mbali na kwako kidogo, na kodi mkamlipa mwenye nyumba mkononi. Ale kwako jioni mnapokuwepo wote, halafu arudi kwake. Asipewe ufunguo. Ubaya wa mpango huu nitausema pia: kama atahitaji methadoni na kliniki ni Temeke, nauli ya kila siku kutoka Chanika ni mzigo na safari inampitisha karibu na kijiwe chake. Uliza kwanza kama kuna kliniki ya karibu zaidi, maana zimeongezeka. Kama hakuna, katika miezi ya mwanzo dawa iwe mbele ya umbali, abaki kwa mama na muda wake wa mchana upangwe.

Kumpeleka kijijini, kama mmewaza hilo, nako kunategemea atakachokuta. Shamba lenye ndugu anayemwamsha saa kumi na moja na kumlipa Jumamosi linafaa. Kijiji ambacho atakaa kibarazani akingoja mtume pesa ya sigara ni kijiwe kingine tu, tena chenye pombe ya kienyeji.

Kuhusu kumuozesha, mheshimu baba mdogo, lakini katika hili umkatalie. Wale wanaume wa Boston kweli wengi walitulia walipooa, na hapo ndipo maneno kama yake yanapata nguvu. Ukisoma kwa makini, iliyowatuliza ni ndoa yenye mapenzi, iliyowapa mtu wa kumwogopea aibu na mtu wa kurudi kwake jioni, kama ambavyo kazi ya kudumu iliwatuliza wengine. Ndoa isiyo na mapenzi haikufanya hivyo. Binti wa watu si dawa ya mwizi. Aanze kuwa na miezi 12 ya kazi na kauli inayoaminika, ndipo mzungumze.

Kinachonipa moyo zaidi kimetoka hapa hapa Afrika. Monrovia, Liberia, wanaume 999 waliokuwa wanaishi kwa wizi, dawa na ugomvi waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa ushauri wa vikundi kwa wiki 8, baadhi walipewa dola 200, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Waliowaongoza walikuwa watu waliowahi kupita njia hizohizo. Walifundishwa kungoja kabla ya kutenda, kupanga siku, kutuliza hasira, na walipewa mazoezi: nyoa nywele, vaa safi, ingia benki uulize huduma, ona kama watakufukuza. Christopher Blattman na wenzake walirudi baada ya mwaka, kisha baada ya miaka 10. Waliopata ushauri na pesa pamoja walikuwa wamepunguza uhalifu kwa karibu nusu, na hata baada ya miaka 10 bado. Pesa peke yake haikudumu. Zingatia hilo unapojisikia kumpa mtaji wa genge wiki hii.

Jambo la namna hiyo mnaweza kulianzisha kwa ukubwa wa familia yenu. Mtafute mtu mzima aliyeacha, msikitini, kanisani au kliniki, akubali kumpigia simu kila jioni. Mtafute kazi kwa mtu anayejua historia yake. Kazi ya kuficha historia huisha siku ikifichuka. Mchana wake ujazwe kabla hamjazungumzia mtaji. Na ile pampu ailipe. Aende mwenyewe kwa mzee, wewe au mama mkiwa pembeni, apeleke hata elfu tano kwa wiki kutoka kwenye jasho lake. Msimlipie. Shadd Maruna, aliyezungumza na wakosaji wa Liverpool, aliona kwamba walioacha walikuwa wamepata njia ya kujieleza kama watu wenye wema ndani yao na kitu cha kutoa, na waliokuwa bado wanaendelea waliona maisha yao yameshaandikwa. Elfu tano mkononi mwa mzee inamsaidia ajione mtu mwenye kitu cha kutoa, na mtaa mzima unaona.

Hilo linahusu pia hofu yako ya usiku. Ninavyoona mimi, aliye hatarini zaidi ni yule ambaye mtaa hauna habari nyingine naye zaidi ya jina la mwizi. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mseme yuko hapa, ametoka, anafanya kazi fulani, anarudi saa fulani. Kitu kikipotea jirani atashukiwa wa kwanza, na mwenyekiti anayejua alikuwa wapi anaweza kuokoa maisha yake. Ukisikia kelele za "mwizi" naye hayupo, piga 112 na umpigie mwenyekiti, usikimbilie kwenye kundi peke yako.

Vitu vingine viwili vya sheria, kwa haraka. Akikuletea simu au televisheni bila maelezo, usiipokee hata kama ni zawadi ya mtoto, kwani kupokea mali ya wizi ni kosa na utaunganishwa naye. Na akianza kusikika na wale wenzake wa betri wakizungumzia "kazi kubwa", mwambie waziwazi: wizi ukishaingia silaha na vitisho, hata kisu tu, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakipungui miaka 30.

Kuna hali ambazo barua yangu haitoshi. Ukimkuta amezimia, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa taabu, kimbia naye hospitali usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akiacha pombe ghafla akaanza kutetemeka, kuona vitu au kupata degedege. Akizungumzia kujiua, msimwache peke yake, mfikisheni kituo cha afya siku hiyohiyo. Akisikia sauti, au aliwahi kuumia kichwa vibaya, aonwe na daktari wa akili. Na akimpiga mama, akiwatisha watoto, au ukiona anaumiza watu bila kujali na kukuzungusha kwa maneno matamu kila ukimbana, acha mipango yangu yote ya chumba na chakula cha jioni. Linda waliomo ndani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na uache tathmini ya tabia yake kwa wataalamu. Wapo wachache wa namna hiyo na huruma ya dada haiwatibu. Kwa mengine yote, anzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu.

Atateleza. Karibu wote huteleza, na kuteleza siku moja baada ya miezi sita si sawa na kurudi mwanzo. Usipime kwa viapo. Pima saa: anaamka saa ngapi, saa nane mchana yuko wapi, Ijumaa usiku amelala wapi. Na mkubaliane wewe na mama kwamba pesa taslimu haimpiti mkononi kutoka kwa yeyote kati yenu. Mama akimpa kwa siri kwa ajili ya huruma, mpango wote unavuja hapo.

Jumapili, mkiwa mmeshakula, kaa naye nje pasipo na watoto umwombe akusimulie ile siku ya pampu tangu alipoamka. Usimkatize wala usimhukumu. Ukifika wakati ambao anasema "hapo sasa", iandike saa hiyo kwenye karatasi, mwende nayo kwa mshauri Jumatatu.